Ndimu Kwenye Kisahani

Mimi nina hasira za karibu. Hilo kila mtu wa ghorofa ya pili analijua, na wageni huonywa mapema: usiguse kipima uchachu cha yule mama. Ni mashine ndogo tu, ina kijiti cha kioo cha kutumbukiza kwenye maji na kidirisha kinachoonyesha namba. Nimefanya nayo kazi miaka ishirini na saba. Si hii hii, hii ni ya nne, lakini zote nimezilea mwenyewe. Kila asubuhi naiosha, naijaribu kwa maji ya aina tatu ambayo uchachu wake unajulikana, kisha naiamini kwa siku hiyo moja. Kesho yake tunaanza upya. Marehemu mume wangu alikuwa akisema mashine ile ina bahati, maana yeye hajawahi kuaminiwa siku nzima.

Namba zenyewe si ngumu. Saba ni maji safi, hayaegemei upande wowote. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi: maziwa mabichi yako karibu sita na nusu, nyanya karibu nne, ndimu mbili na kitu. Damu ya mtu ni saba na nukta nne, na hapo ndipo inapokaa, ule usile. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mtu akitaka maji ya sita kamili, mimi namtengenezea maji ya sita kamili, si sita na kidogo.

Daktari ninayemfanyia kazi naweza kumzaa. Jina lake limeandikwa mlangoni lakini hakuna anayelitumia, sote tunamwita Kwanini, hata mbele yake, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Ukimwambia umechelewa kwa sababu ya mvua, atakuuliza kwa nini mvua. Alipokuja kuanza kazi kwetu alileta mradi mmoja tu, nao ulikuwa sumu ya dondakoo. Alilitamka neno hilo huku anatafuna kalamu, akaniuliza kama naweza kuanza Jumatatu. Nilisema naweza. Nilienda chooni, nikafungua bomba, nikanawa mikono mara tatu.

Nilikuwa na miaka sita. Mdogo wangu alikuwa na mitatu, na tulimwita Mchwa kwa sababu alitafuna kila kitu. Alitafuna mguu wa kiti. Alitafuna sabuni, akalia, akairudia. Mama alikuwa akimlisha kwa mkono wake mwenyewe, na kila tonge alikuwa anamwambia, "Polepole, Mchwa, hakuna anayekunyang'anya." Kisha koo la Mchwa likavimba. Mama alinituma kwa jirani nikaombe ndimu, nikaleta mbili, nikikimbia njia nzima kwa furaha ya kutumwa. Alizikamua, akatia maji ya vuguvugu na asali, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Kesho yake hospitali wakamfungua mdomo, wakaona utando wa kijivu umetanda kooni. Chanjo ilikuwa haijafika kwetu. Siku ya sita moyo wake ulisimama.

Tulipotoka kumzika, shangazi, dada yake baba, alisema mbele ya watu: "Umemchoma mtoto koo kwa ndimu. Ugonjwa ulikuwa umetulia, wewe ukauchochea."

Shangazi alifariki zamani, Mungu amrehemu, lakini maneno yale tumeishi nayo miaka arobaini na mitatu. Tangu siku ile mama aliacha kulisha watoto. Wadogo zangu wawili waliozaliwa baadaye aliwanyonyesha, ndiyo, lakini walipofika kwenye kijiko walilishwa na baba na mimi. Binti yangu hakuwahi kupokea hata kikombe cha maji mkononi mwa bibi yake. Ndimu haikuingia tena ndani ya nyumba, na jina la Mchwa halikutajwa. Sasa binti yangu naye ana mtoto wa miezi kumi, tunaishi wote pamoja, na mchana sisi wawili tukiwa kazini mama ndiye anayebaki na mtoto. Anamwogesha, anambembeleza, anamlaza. Saa ya kula ikifika anagonga ukuta, jirani anakuja na kumlisha, na mama anaingia chumba cha nyuma na kufunga mlango. Jirani yetu ana roho nzuri, haulizi.

Nyumbani sikusema tunashughulika na nini. Mama akiniuliza, namwambia, "Vijidudu tu, mama," naye anasema, "Nawa mikono," basi yamekwisha.

Miezi ya kwanza nilifanya kazi kwa chuki. Sioni aibu kulisema. Sumu ile inakuja kwenye kichupa kidogo, haina rangi, haina harufu, sisi tunaoishika tumechanjwa na kuchanjwa tena, na kila nilipokitoa kwenye jokofu nilikiambia kimoyomoyo maneno ambayo siwezi kuyaandika. Ni protini, yaani uzi mrefu uliojikunja ukawa donge. Kwanini alinichorea kwenye karatasi: donge moja lenye sehemu tatu. Moja inashika ukuta wa seli, moja inatoboa, moja inaua. Ile inayotoboa imefichwa ndani, kama bitana ya koti, na haionekani mpaka donge lifunguke.

"Sasa kazi yetu," alisema, "ni kujua linafunguka lini."

Asubuhi moja tukatia sumu kidogo kwenye maji ya saba, pamoja na rangi ambayo inawaka ikigusa sehemu zile zilizofichwa. Donge likijifunga, rangi haina cha kugusa na mashine ya mwanga inachora mstari mfu chini ya skrini. Mimi nilikuwa nashusha uchachu, tone kwa tone. Saba. Mstari umelala. Sita na nusu. Umelala. Sita, umelala vile vile, na mgongo ulikuwa unaniuma, na nilianza kunung'unika kwamba tumeuziwa kichupa cha maji.

"Endelea, mama," alisema Kwanini.

Nikadondosha tone. Nikangoja. Tone jingine. Kijiti changu kilisoma tano na nukta tano, na mstari ulisimama. Haukupanda, nasema ulisimama, kama mtu aliyekaa foleni kutwa na hatimaye akasikia jina lake. Tone dogo ambalo ulimi wangu usingelitambua, na mabilioni ya madonge yamefunguka kwa mara moja, yote, kila moja likitoa nje kile lilichokuwa limekificha. Vinyweleo vya mikono vilinisimama ndani ya glavu.

"Limejuaje?" niliuliza. Mimi, ambaye huwa siulizi.

Kwanini alicheka kwa furaha. "Halijui kitu. Limeundwa hivyo. Lakini sikiliza sasa uzuri wake." Akavuta kiti, akanieleza, na mimi nitaeleza kama alivyonieleza. Sumu inafika kwenye seli na kushika ukuta. Seli haina habari kwamba hiyo ni sumu. Inafanya kama inavyofanya na chakula: inaikunja ndani ya kifuko kidogo na kuimeza. Kisha, ili kumeng'enya ilichomeza, seli yenyewe inatia uchachu ndani ya kifuko. Saba, sita, tano na nusu. Na hapo donge, ambalo limekaa kimya muda wote huo, linafunguka, linatoboa kifuko na kupenyeza ile sehemu inayoua. "Chembe moja," alisema. "Chembe moja ikiingia inatosha kuua seli nzima. Bila uchachu haiwezi kitu. Uchachu ndio ufunguo."

Nilikuwa nimeshika kijiti changu. Nilikiosha, nikakifuta, nikakirudisha mahali pake. Ule mshangao uliokuwa umenijaa kifua ulikuwa bado haujatoka, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, baridi. Uchachu ndio ufunguo. Na mimi ndiye niliyetumwa ndimu.

Wiki ile nilikuwa sisemeki. Binti yangu aliniuliza kama ni presha. Niliketi sebuleni namtazama mama akimfunga mjukuu wangu kibwebwe cha kanga kiunoni ili ajaribu kusimama, mikono yake ile yenye mishipa, imara kabisa, haitetemeki, na nikawaza: alikuwa sahihi kujihukumu. Shangazi alikuwa sahihi. Miaka yote hii nimemchukia marehemu wa watu bure.

Lakini mimi sikubali namba niliyosikia tu. Lazima nipime.

Wakati huo tulikuwa na visahani vya seli vilivyobaki kwenye jaribio jingine, seli zilizokuzwa kutoka kwenye figo la tumbili, nzuri, zimelala bapa sakafuni mwa kisahani na kushikana kama vigae. Hizi zilikuwa zimelindwa. Kuna chumvi ya amonia ambayo naichanganya mwenyewe. Ukiitia, inaingia kwenye vile vifuko na kuzima uchachu wake. Seli inameza sumu kama kawaida, lakini sumu inangoja uchachu ambao hauji, na seli inaishi. Nikasema vizuri, hapa mlango wa ndani umefungwa. Nikitia uchachu wa nje, tutaona.

Jioni ya Alhamisi nilinunua ndimu sokoni. Moja. Muuzaji alisema, "Mama, chukua tano," nikamjibu vibaya. Ijumaa nilifika kabla ya wote. Niliikata kwa kisu cha maabara, mimi ambaye nimewafukuza wanafunzi kwa kipande cha biskuti, nikaikamua, nikaichuja, nikaipima: mbili na nukta tatu. Nikaizimua kwenye maji ya kulishia seli mpaka nne na nusu, ili uchachu wenyewe usiziunguze. Visahani vinne. Cha kwanza seli tu. Cha pili seli na ndimu. Cha tatu seli na sumu. Cha nne nilizipa seli sumu, nikangoja ishike, kisha nikazipa ndimu kwa dakika chache na kuisafisha. Nikavirudisha kwenye kabati la joto na kuvificha nyuma ya vingine kama mwizi.

Jumamosi si siku yangu ya kazi. Nilikwenda. Kwenye hadubini kisahani cha kwanza kilikuwa kizima. Cha pili kizima. Cha tatu kizima, sumu imo na seli zinaishi. Nikaweka cha nne.

Vigae vyote vilikuwa vimebanduka. Seli zilikuwa zimejikunja mviringo na kuelea, moja moja, hakuna iliyoshika mwenzake.

Nilitazama mpaka jicho likaniuma. Na nitasema jambo la ajabu: hata wakati ule, machozi yakiniteremka ndani ya hadubini, sehemu moja yangu ilistaajabu. Ndimu ya sokoni. Dakika chache. Donge lilikuwa limefanya vile vile kama kwenye mstari wa Kwanini, lilihisi uchachu likafunguka, safari hii pale pale kwenye ukuta wa nje, likapenya. Halikukosea. Halijawahi kukosea. Kisha nikakumbuka kijiko, na asali, na mdomo wa Mchwa ukifunguka kama kinda, nikakaa chini kwenye vigae vya sakafu.

Jumatatu nilisikia sauti ya Kwanini tangu kwenye ngazi. "Nani amekula ndimu kwenye maabara yangu?" Alikuwa amesimama kando ya pipa la taka, ameshika ganda kwa koleo kama mtu aliyeokota panya. Wenzangu wote walinigeukia. Walikuwa wanangoja nimtafune mkosaji.

"Ni mimi," nilisema.

Kwanini alinitazama usoni, akalirudisha ganda kwenye pipa, akanishika mkono mpaka ofisini kwake na kufunga mlango. Hakuniuliza kwa nini. Alingoja. Nikamwambia yote, kuanzia mguu wa kiti. Nilipofika kwenye kisahani cha nne niliitoa mfukoni picha yake, nilikuwa nimeichapa. Aliitazama kwa muda.

"Kazi safi," alisema.

"Usinitanie, Daktari."

"Sikutanii. Watu walishawahi kufanya jaribio kama hili kwa mashine za bei mbaya, na wewe umelifanya kwa ndimu." Akaigeuza picha. "Seli ambazo hazikulindwa ziko wapi?"

Sikumwelewa.

"Mama, hizi zote nne zina chumvi yako. Umefunga mlango wa ndani, kisha ukauliza kama ndimu inaweza kufungua wa nje. Inaweza, ndiyo. Lakini mdogo wako alikuwa na chumvi ya amonia?"

Miaka ishirini na saba nimewapigia kelele vijana wa watu: kisahani cha kulinganisha kiko wapi, huna cha kulinganisha huna jibu, rudi ukaanze. Nimemliza msichana mmoja kwa kosa hilo hilo. Na mimi, kwenye jaribio moja la maisha yangu ambalo nilikuwa na haja nalo kweli, nilikuwa nimetafuta hatia mpaka nikasahau kutafuta jibu.

"Vaa glavu," alisema Kwanini.

Tuliandaa pamoja, seli zisizolindwa, kama alivyoziumba Mungu. Kisahani cha kwanza bila kitu. Cha pili sumu peke yake. Cha tatu sumu, kisha ndimu, kama mara ile. Cha nne ndicho alichokiongeza yeye, kwa sababu hawezi kukaa bila kuuliza: sumu tuliyoilowesha kwenye ndimu kwanza, kabla haijaona seli yoyote, kisha tukairudisha kwenye saba na kuzipa seli. Tulitengeneza kila kimoja mara tatu. Nilikipima kila kimiminika mara mbili, na mikono yangu, namshukuru Mungu, ilikuwa ya kazi.

Siku mbili nilimwogopa mama. Akiingia jikoni, natoka.

Jumatano mchana Kwanini alinipa kiti cha hadubini, yeye akasimama nyuma na daftari. Cha kwanza kizima. Cha pili, sumu bila ndimu: zimebanduka, zinaelea. Nilihesabu, tisini na tano kwa kila mia zimekufa. Nilivuta pumzi na kuweka cha tatu, sumu na ndimu. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Nikamwambia Kwanini ahesabu yeye, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa.

"Tisini na nne," alisema. "Na hiki tisini na sita. Na hiki tisini na tano."

Sawa sawa. Ndimu haikuongeza kitu. Mlango wa ndani ulikuwa wazi tayari, seli zilikuwa zimeshameza na kujitilia uchachu wenyewe, na mtu wa nje hata akileta gari zima la ndimu hakuna cha kufungua.

"Na usisahau," alisema Kwanini, "kilichomuua ni moyo. Sumu ilifika moyoni kwa damu. Namba ya damu unaijua wewe kuliko mimi."

"Saba na nukta nne."

"Ukinywa ndimu mia?"

"Saba na nukta nne."

Kisha akaweka cha nne, kile kilicholoweshwa kwanza, akaiinamia hadubini asitoke, mpaka nikamsukuma nione. Vigae. Karibu vyote vimelala bapa, vimeshikana, vizima. Sumu ilikuwa imefunguka ndani ya ndimu mahali ambapo hakuna ukuta wa kutoboa, ikashikana yenyewe kwa yenyewe, ikaharibika. Kitu kile kile, uchachu ule ule. Ukija mapema ni kifo cha sumu, ukija kwa wakati wake ni kifo cha seli. Nilikitazama kisahani kile na nikahisi udogo ambao haukuniumiza. Miaka ishirini na saba nilikuwa napima namba, na siku ile nilielewa kwamba kuna uhai na kifo vimekaa ndani ya nukta ya namba, wala havipigi kelele.

"Kwa hiyo ndimu ilimsaidia?" niliuliza.

"Usinisemeshe nisichokijua," alisema. "Koo la mtoto si kisahani. Najua haikumuua. Hapo naweka sahihi."

Nilimwambia hiyo inanitosha.

Jumapili mchana jirani alikuwa amesafiri na binti yangu amelala. Nilimketisha mjukuu wangu kwenye kiti chake, nikaponda boga kwenye bakuli. Mama aliona bakuli, akainuka kwenda chumba cha nyuma.

"Mama, kaa," nilisema. "Nina maneno."

"Mlishe kwanza."

"Kaa, mama. Ni habari za ndimu."

Neno hilo lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba yetu tangu nikiwa na miaka sita. Mama alibaki amesimama, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango. Mimi sina maneno laini, sikujaliwa. Nilimwambia kwamba wale vijidudu ninaomtajia kila siku ni wa dondakoo, na kwamba nimekuwa nikimdanganya karibu mwaka. Nikamwambia habari za donge, na uchachu unaolifungua. Nilimwona akifumba macho, nikaharakisha. Nikamwambia hata kisahani kibaya, kile cha Jumamosi, kwa sababu kama ningemficha hicho asingeamini kingine. Kisha nikamwambia vya Jumatano.

Alikaa kwenye kiti polepole.

"Uliweka ndimu kweli?"

"Niliweka."

"Siyo dawa ya huko kazini kwenu? Ndimu?"

"Ya sokoni, mama. Nimeikamua kwa mkono wangu. Aliyepewa na ambaye hakupewa, ni sawa sawa. Nimehesabu, na Daktari amehesabu."

Aliangalia mikono yake iliyolala mapajani. Mtoto alikuwa anapiga meza kwa kiganja, boga linamchelewea.

"Basi huo uchachu mwingine," mama alisema, "wa ndani. Nani aliutia?"

"Mwili wake mwenyewe."

"Wa nini?"

"Wa kula, mama. Seli inameza kitu, inakitia uchachu, inakisaga. Haichagui. Sumu ilipokuja ikadhani ni chakula, ikameza."

"Ikameza."

"Zote. Kila moja iliyofikiwa ilimeza."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikainuka, na ndipo nilipoona kwamba anacheka na kulia vyote pamoja. "Huyo ndiye," alisema. "Huyo ndiye mwenyewe. Alikula sabuni yule! Hata ndani kabisa alikuwa hivyo hivyo." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akacheka tena, na mimi nililia kwa sauti kama mtoto, mwanamke mzima mwenye mjukuu, na mjukuu mwenyewe akaacha kupiga meza ili anitazame.

Kisha mama alikwenda kwenye sinki. Alinawa mikono, akaisugua mpaka kwenye viwiko, akaikausha kidole kwa kidole. Alirudi, akavuta kiti karibu na mtoto, akaninyooshea kiganja bila kunitazama. Nikampa kijiko.

Alichota kidogo, akaonja kwa ncha ya mdomo kujua kama boga limepoa, akakisogeza kijiko. Mtoto hakungoja. Alikirukia kijiko kwa mikono yote miwili, boga likaruka mpaka kwenye nyusi za mama, na akakitafuna kile kijiko chenyewe kwa meno yake mawili.

"Polepole, Mchwa," mama alisema. "Hakuna anayekunyang'anya."